Kuifuata reli ya Tanga mpaka Mombo, na tramu kichwani

Jumatatu, Ngamiani

Basi kutoka Dar limetushusha Kange jioni, na kama kawaida safari ndefu ikaishia mahali ambapo karibu hakuna abiria aliyekuwa na shida napo. Huyu anakwenda Makorora, yule Bombo kumtazama mgonjwa, mimi Ngamiani kwa mjomba. Stendi ilitolewa mjini kwa sababu zinazoeleweka, mabasi makubwa hayana nafasi katika mitaa ile. Lakini hicho kipande cha mwisho cha bajaji, ukikipigia hesabu kwa kilomita, ndicho ghali kuliko njia yote kutoka Dar.

Naanzia hapo kwa makusudi. Miaka iliyopita niliishi Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, nikijifunza ufundi umeme, na kila siku nilipanda chombo ambacho mpaka leo kinanisumbua akili. Ni tramu, yaani treni ndogo ya umeme ya mjini. Inapita katikati ya barabara ya mjini, maduka huku na huku, inasimama kwenye taa nyekundu na kuwasubiri waenda kwa miguu. Ikifika pembezoni inaiacha barabara, inaingia kwenye reli ileile ya treni za mikoani, inashika mwendo wa kilomita 100 kwa saa na kwenda mji wa pili, nyuma yake treni ya mizigo, mbele yake treni ya abiria. Ikifika huko, kama mji wenyewe umejiandaa, inashuka tena barabarani. Aliyekaa kitini hanyanyuki. Tangu nirudi sijaweza kuitazama reli ya Tanga bila kukiwaza chombo hicho, na likizo hii nimeamua kuifuata reli yenyewe mpaka Mombo, niangalie kituo kwa kituo kama wazo linasimama au ni njozi tu.

Mwenzangu wa safari ni mjomba, nyapara wa gengi la reli aliyestaafu. Nusu ya maisha yake ameimaliza kati ya mataruma. Nimemkuta barazani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Haya, umekuja tena na habari za Wajerumani wako?”

Nikamweleza usiku, tukiwa tumeshamaliza mihogo na samaki wa kukaanga. Karlsruhe ilijitia mashakani yenyewe. Mwaka 1913 stesheni yake kuu ilihamishiwa kusini, kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji. Mtu wa vijijini akawa anakuja na treni, anashuka stesheni, anaingia kusubiri tramu ya mjini, na kurudi jioni ni vilevile. Walipopata uwezo wa kununua magari wakaachana na treni. Mwaka 1957 ikaanzishwa kampuni ya AVG ili iichukue reli ndogo ya bonde la Alb, ambayo geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, ilikuwa ya mita moja kama yetu. Wakaibadilisha kidogo kidogo iwe geji ya milimita 1,435 na kuiunga na reli za tramu. Mambo yakawaendea vizuri. Baadaye, chini ya mkurugenzi aliyeitwa Dieter Ludwig, wakajiuliza: kama tumeweza kwa reli ndogo, kwa nini tusiingie na kwenye reli kubwa ya taifa? Tarehe 25 Septemba 1992 tramu za kwanza za namna hiyo zikaanza kwenda Bretten, na abiria wa njia ile wakatoka kiasi cha 2,000 kwa siku wakafika 8,000 hivi katika muda mfupi.

Mjomba akasugua goti. “Hao elfu sita walikuwa wapi siku zote?”

“Kwenye magari yao.”

“Basi wetu wako kwenye Kosta na Noah. Hapo hujanipiga chenga, watu wapo.”

Kilichomvutia ni umeme. Waya wa tramu mjini unabeba volti 750 za mkondo mnyofu, na waya wa reli ya taifa unabeba volti 15,000 za mkondo geu. Ukiichukua tramu ya kawaida ukaipitisha chini ya waya wa pili, umeunguza mali. Kwa hiyo tramu za Karlsruhe zilifungwa transfoma na mitambo ya kugeuza umeme ndani yake, zikawa kama simu ya laini mbili. Pale mistari miwili inapokutana pana kipande cha waya kisicho na umeme kabisa. Tramu inakipita kwa kuteleza tu, bila kuvutwa, na ikitokea upande wa pili inapima yenyewe umeme uliopo juu na kujipanga upya. Nilikuwa nakingojea kipande hicho kila siku kwa raha ya kifundi, ilhali abiria wengine hawana habari, wanasoma magazeti yao.

“Reli yetu haina waya hata mmoja,” mjomba akasema. “Sasa hapo utageuza nini?”

Nikamwambia jibu la hilo liko mji mwingine, na kesho nitamweleza palepale relini.

Jumanne, stesheni na barabara zake

Anayeijua Tanga anajua reli ndiyo inayougawa mji. Upande wa bahari kuna bandari, benki, maofisi na majumba ya zamani. Upande wa pili kuna Ngamiani na barabara zake za namba. Kwa hiyo sisi hatuna ugonjwa wa Karlsruhe wa stesheni kuwa mbali na mji. Stesheni iko katikati kabisa. Ila watu hawakai tena pale reli ilipowaacha. Mji umetambaa mpaka Sahare, Mikanjuni, Duga na Kange kwenyewe, na Bombo, ambako mkoa mzima unaleta wagonjwa wake, iko upande wa Raskazone, mwendo wa kumchosha mzima, sembuse mgonjwa.

Tulifika asubuhi, jua bado halijakaza. Mjomba alikuja na fimbo yake, na baada ya kumsalimu kijana aliyekuwa pale na kutajiana majina ya watu waliokwisha kufa, akaomba ruhusa tusogee pembeni mwa njia. Fimbo ina alama mbili za kisu, umbali wa mita moja kamili. Akailaza kati ya reli mbili, uso wa ndani mpaka uso wa ndani, alama zikakaa sawasawa. “Milimita elfu moja. Hii sehemu imenyooka. Twende kwenye kona, utaona tunaachia kidogo, magurudumu yapate nafasi ya kujigeuza.” Tukaenda kwenye kona, na kweli alama zikapwaya kwa upana wa ukucha. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni. Kuyaona kwa fimbo ya mwembe ni jambo jingine.

Hapo ndipo nikamtolea habari za Nordhausen. Ni mji mdogo chini ya milima ya Harz, tramu zake ni za geji ya mita, na reli inayopanda milimani nayo ni ya geji ya mita, haina umeme, na mpaka leo inapitisha treni za mvuke. Mwaka 2004 walileta tramu tatu za kampuni ya Siemens ziitwazo Combino Duo. Mjini zinakula umeme wa waya. Zikifika mpakani zinashusha mkono wa juu unaoshika waya, zinawasha injini ya dizeli iliyomo ndani, na kuendelea na reli ya milimani mpaka Ilfeld, zaidi kidogo ya kilomita 11. Injini yenyewe ni ya BMW. Niliwahi kuipanda Jumamosi moja: mjini kimya, halafu ghafla sakafu inaanza kutetemeka chini ya viatu, na dirishani unapishana na kichwa cha treni cha mvuke kinachopumua moshi.

“Geji ya mita, dizeli,” mjomba akarudia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisikiliza bila kunionea huruma.

Kila mtu anapotaja jambo hili hutaja Karlsruhe, kwa sababu ndiyo iliyopata sifa. Kwa Tanga mimi naiona Karlsruhe kuwa ni mfano wa matajiri. Wa kwetu ni Nordhausen, au Szeged kule Hungaria, ambako tangu Novemba 2021 tramu za umeme na dizeli zinaunganisha mji huo na Hódmezővásárhely kwa sababu reli ya kati yao haikuwa na waya. Hakuna haja ya kutandika waya kilomita 40 kwenye minazi na mikonge. Tandika waya mjini tu, au hata mjini usitandike, betri za siku hizi zinaweza kuvumilia kilomita chache.

Kutoka stesheni tukaingia mitaani kutafuta mahali tramu ingeshukia. Mimi nilitaka iache reli hapo hapo, moja ipande kuelekea Bombo, nyingine ikate Ngamiani. Mjomba akawa kila tukifika njia panda anapima upana kwa hatua na kutikisa kichwa. Reli ya barabarani si kama ya njia kuu. Inafukiwa ndani ya lami mpaka kichwa chake kiwe sawa na barabara, na pembeni yake unabaki mfereji mwembamba ambamo ukingo wa gurudumu unapita. Mfereji huo ndio ulioleta kikao kwa fundi baiskeli mmoja wa Barabara ya 8, tulipoketi kupumzika.

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi. Fundi alipoelewa tunachozungumza, aliinua tairi alilokuwa analiziba, akaliweka wima juu ya ufa wa saruji mbele ya kibanda chake, na tairi likazama na kukaa humo bila kushikwa. “Hivi?” akauliza. Nikamwambia ndivyo. “Basi mimi nitakuwa tajiri. Kila siku mtaniletea rimu zilizopinda na watu waliovunjika mikono.”

Alisema kweli tupu. Katika kila mji wenye tramu waendesha baiskeli huanguka kwa namna hiyohiyo, na kinga yao ni kuikata reli kwa pembe pana, karibu na mraba, wala si kwa ubavu. Karlsruhe nayo ni mji wa baiskeli, tena ndiko alikozaliwa mwaka 1785 Karl Drais, yule aliyebuni chombo cha magurudumu mawili kilichokuja kuzaa baiskeli. Huko wamezoea. Lakini kuzoea kuna gharama yake, na sitaki kujifanya haipo. Mjomba naye akaongeza la kwake: masika yakifika Ngamiani, maji yanateremka na mchanga, na mfereji huo utajaa mara moja. Gurudumu likipanda juu ya mchanga uliogandamana linaweza kutoka njiani. Kwa hiyo hesabu ya reli ya barabarani iwe na mtu wa kufagia, siku zote za mvua, na mshahara wake.

Kuna la magurudumu pia. Gurudumu la treni lina ukingo mnene, haliingii kwenye mfereji wa barabarani. Gurudumu la tramu lina ukingo mwembamba, likifika kwenye makutano ya njia kuu, pale reli zinapokatana na kuacha pengo, linaweza kupotea njia. Mafundi wa Karlsruhe walichonga gurudumu la tatu: jembamba kwa chini linapoingia mferejini, nene zaidi kwa juu, na penye makutano ya njia kuu wakaziinua reli za ulinzi ili ziguse ile sehemu ya juu. Mjomba alinichoresha gurudumu hilo mchangani mara mbili, halafu akalichora mwenyewe, na lake lilikuwa sahihi kuliko langu.

Pwani hii imeshawahi kuona treni barabarani, watu wamesahau tu. Unguja kulikuwa na reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza 1905. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapenya katika mitaa myembamba ya mji, ikatoka kwenda mashambani mpaka Bububu, kama kilomita 11. Serikali iliichukua 1911, na miaka ya 1920 magari yakawanyang'anya abiria. Mombasa nako walikuwa na vigari vya kusukumwa na watu juu ya vijireli. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ni mambo ya Ulaya.

Jumatano, Pongwe hadi Muheza

Treni ya abiria hakuna kipande hiki, tumefuata reli kwa daladala na miguu. Treni ya mizigo ndiyo iliyofufuliwa, mwaka 2019, kati ya Tanga na Moshi. Pongwe tulisimama kidogo kwa sababu ya kiwanda cha saruji: mizigo mizito, malori mengi, na wafanyakazi wanaokaa mjini wanaokuja na kurudi kila siku. Hapa tramu ingekuwa na abiria wa asubuhi hata kabla haijatangazwa. Ngomeni, mkonge mpaka macho yachoke.

Mkonge wenyewe na reli ni pacha. Mwaka 1893, uleule walioanza kutandika reli hapa Tanga, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai. Mashamba yalipokua yakatandika vijireli vyao vya ndani vya kubebea majani kwenda kiwandani. Mjomba anakumbuka akiwa mtoto walikuwa wanadandia matroli hayo kwenye mteremko, na nyapara wa shamba akiwafukuza na fimbo.

Kilomita 40 za kwanza, Tanga mpaka Muheza, ziliwachukua Wajerumani miaka mitatu. Walifika 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikabidi iichukue reli. Napenda kulikumbuka hilo kila ninaposikia mtu akisema miradi ya reli ya zamani ilikwenda kama saa.

Muheza ndipo wazo langu lilipopata nguvu, na ndipo lilipopata kipigo. Nguvu: stesheni iko mjini, umbali ni wa kilomita 40, watu wanakwenda Tanga kusoma, kuuza, kutibiwa na kurudi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo saizi ya chombo hiki. Kule Ujerumani kilifaulu kwa sababu kilisimama mara nyingi zaidi kuliko treni. Treni kubwa haiwezi kusimama kila kilomita mbili, inachukua muda kushika mwendo na muda kufunga breki. Tramu ni nyepesi, inaruka na kusimama, ndiyo maana Karlsruhe waliongeza vituo vipya kwenye reli ileile: karibu na shule, karibu na mtaa mpya, mahali ambapo treni ilikuwa inapita ikipiga honi tu. Kati ya Pongwe na Muheza ningeweza kuonyesha kwa kidole vituo vya namna hiyo.

Kipigo nilipewa na mama mmoja muuza machungwa. Alikuwa anapakia magunia juu ya Kosta, kijana yuko juu ya keria anayapokea. Nikamwambia, dada, ingekuwepo treni ndogo inayoingia mpaka Ngamiani ungepanda? Akaniuliza magunia yatakaa wapi. Nikamweleza behewa lina sakafu ya chini, milango mipana, mtu anaingia na kigari cha mtoto. Akacheka mpaka akaegemea gari. “Kaka, mimi nina magunia sita, huyu ana matano, yule ana mikungu ya ndizi. Hicho kigari cha mtoto chako tutakiweka juu ya kichwa cha nani?”

Tramu za Ulaya zimeundwa kwa mtu mwenye mkoba. Za Muheza zingehitaji behewa la mizigo la kuvutwa nyuma, na hapo unagongana na sheria nyingine: chombo cha barabarani hakiwezi kuwa kirefu kama kipendavyo. Ujerumani mwisho ni mita 75, maana kinakaa kwenye njia panda pamoja na magari. Behewa moja la Karlsruhe ni kama mita 37, kwa hiyo wanaunga mawili na basi. Nadhani kwa Muheza moja la watu na moja fupi la magunia lingetosha, lakini yule mama hakuonekana kuridhika, na kwa soko lake ana haki.

Njia ni moja. Hilo ndilo linalomkosesha mjomba usingizi kuliko mchanga na baiskeli. Stesheni masta wa huku huuliza wa kule kama njia iko wazi, ndipo treni inaruhusiwa. Treni ya mizigo ikishaingia, kila kinachokuja kinasubiri. “Tramu yako ya kila nusu saa,” akasema, “itakaa Ngomeni inaangalia treni ya saruji inapita, na abiria wako watashuka kudaka Kosta.” Akatulia, akaendelea: “Na wakikosea kupeana ruhusa, hicho kichwa cha dizeli kitaikunja hiyo tramu kama nini.”

Hofu yake ina msingi wa kihandisi. Bodi ya tramu ya Karlsruhe imeundwa kuhimili msukumo wa mbele wa kilonyutoni 600, sawa na uzito wa tani 60 hivi. Gari la reli kuu huundwa kwa 1,500. Wajerumani waliruhusu tramu dhaifu kwenye reli kuu kwa hoja kwamba breki zake ni kali mno, ina pia sumaku zinazong'ang'ania reli yenyewe, na kwamba ishara za njia zinaisimamisha treni hata dereva akizembea. Yaani walikwepa mgongano, hawakujiandaa kugongana. Bila ishara za namna hiyo hoja yote inaanguka, na sitaikubali tramu ya Muheza hata ikiletwa bure.

Alhamisi, Sigi

Mvua tangu alfajiri. Mjomba alibaki Muheza kwa shemeji yake, mimi nikapanda kuelekea Amani, zaidi kwa udadisi kuliko kwa kazi. Wakati wa Wajerumani ilikuwepo reli ya kubebea mbao kutoka Tengeni mpaka Sigi, iliyopanda mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, zigizaga. Sasa Sigi ni lango la hifadhi ya Amani, na jengo la zamani la stesheni limetengenezwa wageni wanapokelewa humo. Nililowa, nikanywa chai ya tangawizi, nikarudi.

Ijumaa, Korogwe na Mombo

Korogwe ni kilomita 84 kutoka Tanga kwa reli, Mombo 129. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kabla ya Korogwe, upande wa Mnyuzi, inaungana na njia ya Ruvu iliyofunguliwa 1963, na ndiyo sababu treni ya Dar kwenda Arusha, tangu iliporudi 2020, inapita Korogwe na Mombo bila kuigusa Tanga. Mjomba analisema hili kwa uchungu kila anapopata msikilizaji. Mji ambao ndio mama wa reli hii, anasema, unasikia honi kwenye simulizi.

Yeye Korogwe alikaa miaka mingi na gengi lake. Alitafutwa na wazee wenzake wawili wakakaa kuzungumza mambo ya mataruma ya chuma na mchwa, nami nikaachwa na chapati. Mmoja wao alihadithia habari za vita vya Tanga vya Novemba 1914 kama alivyosikia kwa babu yake: Waingereza wakiwa baharini wanajipanga, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawateremsha askari wake kutoka upande wa Moshi kwa treni hiihii. Walishuka na kuingia vitani. Nikafikiri peke yangu kwamba aliyeshusha abiria wake mahali palipohitajika ni yeye.

Kwa kipande hiki naiondoa tramu. Kilomita 84 mtu hataki kusimama kila shule. Anataka kiti kizuri, choo na mwendo. Wajerumani wenyewe waliongeza vyoo kwenye baadhi ya tramu zao walipozirefusha njia, na hiyo kwangu ni dalili kwamba chombo kinavutwa kupita kimo chake. Korogwe na Mombo zinataka treni ya kawaida inayofika Tanga stesheni, basi. Tramu ibaki Tanga–Muheza.

Kuhusu fedha sina la kudanganya. Waingereza walitaka kuiga kati ya Sheffield na Rotherham, kipande kifupi tu. Kilichelewa karibu miaka mitatu, gharama ikapanda karibu mara nne ya ile ya mwanzo, na siku ilipofunguliwa, 25 Oktoba 2018, tramu mojawapo ikagongana na lori mjini Sheffield. Na hao wana viwanda na mafundi wa kila aina. Hata Karlsruhe, mafanikio yaliwaletea msongamano wa tramu katikati ya mji mpaka wakachimba handaki, likafunguliwa Desemba 2021. Upande wetu kuna na la SGR: njia ya Tanga–Arusha–Musoma imo katika mipango ya serikali, na ikija itakuwa geji ya 1,435. Zwickau, Ujerumani, waliwahi kulitatua hilo tangu 1999 kwa kuweka reli tatu mtaani, tramu ya geji ya mita ikitumia mbili, treni ya geji kubwa ikitumia moja kati ya hizo na ile ya tatu. Mjomba aliposikia reli tatu aliomba nisimwambie zaidi, ataota.

Mombo tumefika magharibi. Watu wa Lushoto wanashuka na kubadili magari, vijana wanauza mboga na matunda madirishani. Tumekaa na mzozo wetu. Yeye anasema kwanza zitengenezwe njia za kupishania kila stesheni na ishara za kuaminika, halafu uletwe hata mchuma wa kawaida, kiberenge cha abiria cha dizeli kati ya Tanga na Muheza, kiende miaka miwili, watu wazoee. Ya barabarani yaje baadaye. Anakumbusha kwamba treni ya mjini Dar, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, ilianza 2012 kwa mabehewa yaleyale ya geji ya mita, bila tramu wala nini, na ikajaa.

Mimi nasema ukianza bila barabarani abiria atashushwa stesheni na kutafuta bajaji ya Bombo, atalinganisha nauli, atarudi kwenye Kosta, halafu watu wa hesabu watasema reli haina wateja. Angalau kipande kifupi cha kwenda Bombo kiwepo tangu siku ya kwanza.

“Na baiskeli?” akauliza.

“Njia ya Bombo ni pana, watatengewa upande wao.”

“Na magunia?”

Hapo sikuwa na jibu, akafurahi. Kesho tunarudi na basi la Lushoto linalokwenda Tanga. Amenituma nikate viti vya mbele, hataki kukaa juu ya tairi.